Hostia ya Mama Isabel

Germano alifungua kikasha cha Ekaristi, akakuta sisimizi. Hostia alizozibariki padre kwa ajili ya wagonjwa, vimkate ambavyo kwa Wakatoliki ni Mwili wa Kristo, zilikuwa zimeliwa zote, limebaki vumbi jeupe pembeni. Akakifunga upesi, kama mtu aliyechungulia chumbani kwa wakwe.

Na wa kulaumiwa nani? Germano huyo huyo. Alikuwa animadori, yaani mwongoza sala, wa Wakatoliki wachache walioshuka kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde hadi Mute, kijiji ambacho padre hukifikia kwa nadra. Gesi ilipogunduliwa baharini, kampuni moja ya ujenzi iliomba kanisa liwe ghala la saruji. Germano akakubali, tena kwa bashasha, maana aliahidiwa kazi ya ulinzi. Mungu akahamishiwa jikoni kwa Germano, rafuni, kati ya sukari na chumvi! Jumapili watu wakawa wanakimbilia vibarua, na animadori wao mbele.

Sasa Mama Isabel, aliyemfundisha hata kufanya ishara ya msalaba, alikuwa anakata roho na anataka komunyo, apokee hostia ya mwisho. Binti yake, Tânia, alikuwa amesimama mlangoni analia.

"Fanya hima, animadori. Hata maji hataki. Anamtaka Bwana tu."

Germano alimpigia simu padre, aliyekuwa mjini Mocímboa. Akajibiwa kwamba barabara ni mbovu, labda atafika jioni. Pale rafuni palikuwa na mfuko wa hostia nyingine, ambazo bado hazijabarikiwa, zinazofanana kabisa na zile. Germano akachukua moja, akaitia kikashani. Nani atajua? Alijiuliza hivyo, na jibu alikuwa nalo.

Kwa desturi yao, Ekaristi ikipita njiani hutangulizwa kengele, na Mkristo anayeisikia hupiga magoti papo hapo. Tânia aliinyakua kengele, akatangulia akiipiga. Germano alitaka kumzuia, lakini angemwambia nini?

Francisco, dereva wa lori la kokoto, alizima injini, akashuka, akapiga magoti vumbini. Mama mmoja aliyebeba mtoto akapiga magoti. Hata Chamima, Mwislamu muuza samaki, aliacha kunadi, akajifunika mtandio wake mpaka wapite. Watu wanausujudia unga! Kila kengele ilipolia Germano alihisi Mungu anamtazama kisogoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akaogopa isije ikapasuka kweli.

Mama Isabel alikuwa amelala mkekani, kitambaa cheupe kimetandikwa kando yake. Walioifuata kengele walijazana mlangoni.

"Bwana, sistahili," alinong'ona mgonjwa, akafumba macho, akafungua kinywa.

Germano aliinua hostia. Akisema "Mwili wa Kristo", mama huyu atazikwa na uongo wake kinywani.

"Mama," alisema, "huyu si Bwana. Huu ni unga mtupu. Bwana nilimweka jikoni, nikamsahau, wadudu wakamla." Akaanguka magotini, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

"Unamnyima mama yangu Mungu wake, saa hii ya mwisho?" Tânia alipiga kelele. "Kwa ajili ya saruji ya empresa, hiyo kampuni yenu?"

"Mwache, mwanangu," alisema Mama Isabel. "Germano, miaka yote umenisomea sala, sijakuona ukitetemeka hata siku moja. Leo unamwogopa Mungu. Basi leo niombee. Padre akinikuta, nitashukuru. Asiponikuta, Bwana anajua kuwa nilimngoja."

Germano akaomba. Maneno aliyoyazoea yalimkimbia yote, akabaki kusema tu, "Utuhurumie, tumekufukuza nyumbani kwako." Nyuma yake Francisco akavua kofia na kusema, "Na mimi, Bwana." Sauti ya mwanamke ikafuata, kisha nyingine, hadi uani.

Padre alifika jioni. Alikuta Mama Isabel amekwisha kata roho. Tânia alikuwa amekwisha kumfumba macho, na sasa ameweka mkono begani kwa Germano. Ua mzima ulijaa watu waliokuwa hawajaonekana kwenye sala tangu kampuni ije, wote magotini, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuinuka.