Manyoya Meupe, Nguo Nyeusi

Kwa siku thelathini na tisa Evanthia alivaa nyeusi kumlilia baba yake, na kwa siku zote hizo mbwa wa marehemu aligeuza weusi ule kuwa madoadoa.

Mbwa huyo, Asimis, alikuwa mweupe, manyoya mafupi kama ya ndama. Majirani walimwambia Evanthia, "Una bahati, huyo hana kazi." Kazi! Manyoya marefu hujiviringisha sakafuni, ukayafagia. Mafupi huchoma kitambaa kama sindano na kuhamia humo. Kila asubuhi alimsugua roshani kwa glavu ya mpira, akampangusa kwa taulo bichi. Nguo za msiba alizitundika ndani ya mfuko wa plastiki, akazivaa mlangoni kama mtu anayekimbia moto. Wapi!

Siku ya arobaini, asubuhi, akaja shangazi yake Pelagia, dada wa marehemu, na sinia la ngano ya kuchemsha la kubarikiwa kanisani.

"Leo mji mzima wa Kalamata utakutazama mgongo," alisema. "Nikiona unyoya mmoja, huyo mnyama anakwenda kwa wachunga mbuzi mlimani."

"Shangazi, jana nimemwogesha mara mbili!"

"Mwogeshe mara kumi. Mimi naangalia nguo."

Hakuwa akitania. Evanthia akajifungia bafuni, akavaa, akajikagua mpaka shingo ikamuuma. Alipotoka, shangazi alikuwa amesimama wima sebuleni.

"Geuka. Inua mkono. Haya, safi."

Kisha shangazi akageuka kuchukua sinia. Mgongo wa nguo yake nyeusi ulikuwa mweupe kwa manyoya. Mapaja yake yalikuwa meupe zaidi.

"Shangazi, umekaa kwenye kiti cha baba."

Kiti kile hakikukaliwa na mtu tangu mazishi.

"Sijakaa."

"Na Asimis umempakata."

"Nimpakate mbwa, mimi?" Akajitazama. Akaokota unyoya mmoja, akaunusa. "Kapanda mwenyewe. Ananukia kaka yangu Anargyros, tumbaku na yote."

Evanthia alitaka kumhurumia, lakini hasira ilimtangulia. "Ananukia sabuni! Nimemsugua mpaka mikono imechubuka! Sasa mlimani anakwenda nani?"

"Hakuna anayekwenda mlimani. Nitamchukua mimi."

"Thubutu! Baba kaniachia mimi."

"Wewe unayemlalamikia kutwa?"

"Nimlalamikie, ni wangu! Kaa utulie nikupanguse."

"Usiniguse. Kengele ya kanisa inalia."

Pelagia akashuka ngazi na sinia lake, kifua mbele, mweupe kama msaga unga. Kila walipopishana na mtu, Evanthia alijisogeza nyuma yake kumziba, akisaga meno. Kwenye vidato vya kanisa shangazi akayumba. Ikabidi Evanthia amkumbatie kiuno, yeye na nguo yake safi.

"Jumapili nakuja kumchukua," shangazi akanong'ona.

"Njoo kumsugua," Evanthia akamjibu, wakaingia.