Mstari Usio na Wino

Kitu cha kwanza alichokiona ni usafi. Herufi zote za tangazo lile zilikuwa nyeusi kwa wino wa miaka, lakini mstari wa mwisho chini kabisa ulikuwa unang'aa kama jino jipya la mtoto.

Kazi yake pale kiwandani, palipochapwa gazeti, ilikuwa kusafisha herufi za risasi za kuchapia kwa brashi na mafuta ya taa. Shule aliiacha darasa la nne. Kusoma kwingine kote alijifunzia hapo, juu ya herufi zilizogeuzwa kama zinavyogeuka kwenye kioo. Gazeti lililokwisha chapwa lilimsumbua. Risasi aliisoma bila kusita. Hilo hakumwambia mtu. Wenzake walimwita Bubu, naye akawa anaitikia kwa kichwa.

Tangazo lenyewe lilikuwa la hisa. Halikuwa na picha wala neno la kubembeleza, ila mpaka mweusi pande zote nne, majina ya benki sita yaliyosimamia mauzo, moja chini ya jingine, na juu yake maneno haya: "Hisa zote zimekwisha kununuliwa. Tangazo hili ni kwa kumbukumbu tu." Kiwandani matangazo ya namna hiyo waliyaita makaburi. Aliyelipanga ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mpangaji wa herufi tangu ujana. Lilikuwa linatoka kila Jumatatu, na kwa kuwa halikubadilika hata nukta, hakuna aliyelisoma tena.

Mkasi, mkataji wa karatasi, alilicheka sana asubuhi ile.

"Duka gani hili linalopiga mbiu kwamba bidhaa zimekwisha? Ni kumwita mtu mezani ukishakomba sufuria."

Watu walicheka, na Bubu akacheka nyuma ya kiganja. Kisha akainama kufuta vumbi, akauona mstari safi chini ya benki ya sita. Ulisomeka: Mkasi.

Alidhani ni utani wa mtu. Alitaka kumuuliza mjomba wake, lakini fundi mashine alikuwa anadai tangazo lake kwa sauti, na ulimi ukawa mzito. Gazeti likatoka na majina sita tu. Mstari ule ulikuwa umekaa chini kidogo kuliko mingine, wino haukuufikia. Akajiambia, darasa la nne, utajua nini wewe.

Jumatano Mkasi alikaa kunywa chai ya saa nne. Aliegemea marobota ya karatasi, na chai ikapoa mkononi mwake. Daktari alisema ni moyo. Walipotoka mazikoni Bubu alikwenda kulitazama tangazo kwenye rafu. Mstari haukuwepo, na pengo lake pia halikuwepo.

Jumatatu iliyofuata alifagia mahali palipokwisha fagiwa, akaosha brashi safi, mpaka kazi za kujificha zikamwishia. Akalishusha tangazo. Mstari ulikuwepo, unang'aa. Haukuwa na jina ambalo mjomba wake alipewa na wazazi, wala Kipara, kama wenzake walivyomtania. Ulisomeka: Mjomba. Kiwanda kizima, mtu mmoja tu alimwita hivyo.

Naye Mjomba mwenyewe alikuwa anakuja, miwani juu ya paji la uso.

"Mwanangu, fundi mashine ananifokea. Nipe kaburi lake."

Hakumpa. Alilikumbatia na fremu yake ya chuma, gauni likachafuka kifuani.

"Soma kwanza, Mjomba."

"Nisome nini? Si nimelipanga mwenyewe?"

"Soma chini."

Alishusha miwani, akafuata majina kwa kidole: benki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Kidole kikasimama. Akalipokea tangazo, akalilaza mezani. Kisha akalegeza fremu, akachukua kibano na kuzing'oa herufi, moja moja, akiziweka kiganjani.

"Zina joto," alisema polepole. "Na hili jiko la kuyeyushia risasi halijawashwa tangu Ijumaa."

Akaliwasha. Alizitumbukiza kwenye chungu chake, akasimama juu yake mpaka ikabaki risasi tupu, laini kama maziwa. Fundi mashine aliita mara mbili.

"Umejuaje?" aliuliza mjomba bila kugeuka.

Angeweza kusema kwamba mstari ulikuwa safi mno, na isingekuwa uongo. Aliyatazama marobota ya karatasi. Kikombe cha Mkasi kilikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Mkasi naye alikuwemo, Mjomba. Nilimsoma Jumatatu ile, yuko mzima, anacheka. Nikanyamaza."