Printa ya Geti la Kilambo

Gladness alitumwa Kilambo asubuhi ili arudi Mtwara mjini jioni. Yeye ndiye aliyeiandikia kampuni moja ya malori programu ya vibali vya geti, na huko kwenye yadi ya karibu na mto, printa ya getini ilikuwa imegoma. Bila kibali kilichochapishwa mlinzi hamfungulii mtu geti, hata dereva wa pikapu iliyomleta Gladness.

"Dada, nimebeba nyanya," alisema Kasiani, dereva wa lori la mbele. "Zitaniozea humu humu."

"Naliona tatizo, kaka."

Alikuwa analiona kweli. Programu ilikabidhiwa printa mara moja tu, pale ilipowashwa. Umeme ulipokatika printa ilizimika na muunganisho wake ukafa, ila programu, kwa kuwa kompyuta ina betri, iliendelea kuushikilia. Dawa yao ya siku zote ilikuwa kuizima programu na kuiwasha upya. Lakini ikiwashwa upya inayasahau magari yaliyomo yadini, yanaanza kuandikishwa moja moja, na kabla foleni haijafika mwisho umeme unakatika tena.

Alimpigia bosi wake, Anold.

"Endelea kuzima na kuwasha," Anold alisema. "Msimbo wa programu usiuguse."

"Tutalala humu, bosi."

"Basi laleni."

Mvua ilianza. Madereva walijazana kwenye kibanda cha mlinzi, mpaka Gladness akakosa hata pa kuweka kiwiko. Alifungua kompyuta yake, akaugusa msimbo.

Aliandika kiolesura, kipande kidogo cha msimbo chenye kazi moja tu: kutengeneza muunganisho wa printa. Hicho ndicho waandishi wa programu hukiita kiwanda. Programu haitakabidhiwa printa tena. Itakabidhiwa kiwanda, na kila kibali kinapotakiwa itakiomba muunganisho mpya. Akaizima programu, akaiwasha upya.

Magari yaliandikishwa kwa mara ya mwisho. Umeme ukakatika, ukarudi. Gladness akabonyeza, na printa ikatoa karatasi.

"Mungu akubariki, dada," Kasiani alisema, akaondoka na nyanya zake.

Pikapu ilikuwa imeshawashwa simu ilipoita. Anold hakugomba.

"Nimeona kwenye kompyuta yangu vibali vinatoka. Msimbo umeubadilisha wewe, na hapa hakuna mwingine anayeuelewa. Utakaa hapo mpaka mwisho wa mwezi."

"Bosi, sikuja hata na nguo."

"Nitakutumia."

Gladness aliteremka kwenye pikapu. Dereva wa pikapu akaonyesha kibali chake, akafunguliwa geti, likafungwa nyuma yake.