Ukungu Juu ya Watoto wa Mama Saba

Kwa shangazi yangu, anayefuga mbwa wa kuuza, mlangoni unavua kila kitu isipokuwa jina. Buti za mpira za njano ni za chumba cha watoto, nyekundu ni za karantini. Kila mlango una beseni la dawa, unakanyaga. Unanawa mpaka viwiko. Unaanza kwa wazima, unamalizia kwa mgonjwa, na ukishatoka kwa mgonjwa hurudi kwa wazima mpaka kesho.

"Ugonjwa hauna miguu," anasema. "Unaazima yako."

Mwenzenu nilifuata yote, naapa.

Karantini alikuwemo Mgeni, dume la miezi mitano lililoletwa wiki hiyo. Jumapili akaanza kuharisha damu. Daktari wa mifugo akasema ni parvo, kirusi kinachofagia watoto wa mbwa ukiwa bado unatafuta funguo za gari. Jumanne Mgeni akafa. Ng'ambo ya ua, jike letu Mama Saba alikuwa na watoto saba, chanjo yao Jumamosi. Shangazi hakutaka kingine duniani: wafike siku hiyo wote saba.

Sasa sikilizeni. Tangu Jumatatu asubuhi, Mama Saba alikuwa ananiungurumia. Mimi, niliyemsaidia kuzaa. Shangazi akiingia, mkia unacheza. Nikiingia mimi, nywele za mgongo zinasimama, na haniangalii usoni. Anaangalia mkono wangu wa kulia. Nikahamishia simu kushoto, macho yakahama.

Halafu video. Mimi narekodi kila kitu, mnanijua. Jumatano saa nne, jua kali, nikamtumia rafiki yangu video ya watoto. Akajibu: "Hicho cheupe kinachowaelea juu ni nini?"

Nikaangalia. Kweli kilikuwepo. Ukungu mrefu, umejikunja, umetulia juu ya watoto. Watoto wanakimbia, ukungu hautikisiki.

"Shangazi, humu ndani kuna kitu."

"Kipo. Kinaitwa parvo. Vaa buti."

"Tazama basi."

Akatazama. Hakucheka. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Jumanne, ukungu upo. Jumatatu upo, hapo nimewawekea simu sakafuni wailambe, yule mtoto wa kisikio cheupe ndiye kaing'ang'ania kuliko wote. Hata kwenye picha ya chai yangu upo. Jumapili asubuhi, haupo. Jumapili jioni, karantini: Mgeni amelala, ananyanyua kichwa, anasogea, pua inajaa kioo chote. Ulimi. Giza. Kisha anarudi nyuma, na ukungu umebaki.

Mate yake. Yalikaukia kwenye kamera.

Buti nilibadilisha. Mikono nilisugua mpaka ikachubuka. Simu nilikuwa naiweka kando nikinawa, kisha naitia mfukoni, naingia nayo.

Shangazi alisogeza ndoo ya klorini kwa mguu.

"Weka wewe mwenyewe."

Nikaweka. Simu ikazama ikiwa inawaka. Video ikaendelea kucheza kule chini: Mgeni ananyanyua kichwa, anasogea, analamba, kama anataka kutoka upande wa pili. Mama Saba aliacha kuunguruma kioo kilipozima.

Tulisugua chumba mara mbili. Jumamosi daktari akaja na sindano. Watoto sita wakamkimbilia. Wa saba alikuwa amelala mlangoni, pembeni ya beseni. Kisikio cheupe. Mama yake alikuwa amemsukuma mpaka pale kwa pua, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu karantini," daktari akasema. Wale sita alisema tuwachunge wiki nzima.

Shangazi akanipa buti nyekundu. "Utakaa naye wewe. Kwa wale sita hukanyagi."

Nilikaa. Dripu, kitambaa, maji kwa kijiko. Wale sita hawakuugua. Siku ya tano kisikio cheupe alisimama, miguu inatetemeka, akanywa mwenyewe. Shangazi alichungulia dirishani, akakaa chini palepale uani, akajifunika uso.

Saba.

Anapona vizuri tu. Ila kila nikiingia anarudi mpaka ukutani, anauangalia mkono wangu wa kulia. Mtupu, umesuguliwa, umekauka. Macho yake yanainuka polepole, kama anafuata kitu cheupe kinachopanda kutoka hapo.