Mpiga Kengele wa Quakers Hill

Mugambi alikuwa na hadithi moja ambayo Rispah, mkewe, angeweza kuimalizia hata akiwa usingizini: jinsi Padre wa misheni yao kule Meru, Mtaliano, alivyompenda kuliko watoto wote, akampigia debe mpaka akaingia chuo cha uuguzi. Mwaka huo wa 2021 alikuwa ametunza likizo yake yote aende Italia, alikorudi Padre baada ya kustaafu, amshukuru ana kwa ana kabla mzee hajafumba macho. Corona nayo ikawa na mipango yake. Sydney, Australia, walikokuwa wakiishi, ilifungwa, na mtu wa mtaa wao wa Quakers Hill hakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani.

Basi Rispah akampigia Sista Jerotich, aliyesoma naye sekondari na sasa ni mtawa Italia, ambako mambo yalikuwa yamelegezwa. Jumapili moja, Sydney ikiwa jioni ya baridi na kule asubuhi, Sista akapanda treni hadi mji wa Padre na kuwasha video. Mugambi, koti la suti juu na suruali ya kulalia chini, akaanza kutalii akiwa sebuleni.

Mji ulikuwa mdogo kupindukia, lakini makanisa yalikuwa yamebanana kama maduka sokoni. La kwanza lilikuwa limefungwa, na mama wa mkahawa mwenye ufunguo hakuutoa mpaka Sista anywe kahawa. La pili lilikuwa na paka aliyelala kwenye kiti cha maungamo. Katika la tatu, malaika ukutani walikuwa na mashavu mekundu na vitambi.

"Hawa hawajawahi kufanya night shift," Rispah akasema.

"Sista, tafadhali, twende kwa Padre," Mugambi akaomba.

"Tulia, Mugambi. Nimepanda ngazi zote hizi na barakoa. Wacha nivute pumzi."

Padre alikuwa ameketi kwenye benchi juani, nje ya kanisa la nne. Alikuwa amekonda, ila macho yalikuwa yale yale.

"Padre, ni mimi, Mugambi."

"Mugambi yupi? Nimebatiza akina Mugambi mpaka mkono ukachoka."

"Yule wa kupiga kengele."

"Wapiga kengele pia walikuwa wengi, mwanangu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Mugambi. Miaka yote hiyo amejivunia urafiki wa mtu ambaye hata hamkumbuki.

Mugambi akasimama ghafla, akaenda gereji. Kule misheni kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia mtini. Yeye alikuwa na rimu ya Corolla yake ya zamani. Akaifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akachukua spana, akaipiga alivyokuwa akiipiga utotoni: mbili nzito, kisha nyingi za haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa.

Rispah alikuwa amemfuata uani na simu. Padre aliinua kichwa, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Mugambi wa kuchelewa. Mimi nimeshamaliza Injili, wewe ndiyo kwanza unapiga kengele."

"Ndiye mimi, Padre," Mugambi akasema, na machozi yakamtoka bila aibu.

"Kumbe hukumpenda kuliko wote," Rispah akamchokoza Padre.

"Nilimpenda. Wewe unadhani mahubiri yangu yalikuwa marefu kwa nini? Nilikuwa nawangoja watu walioitwa na kengele yake."

Mara wakasikia mtu akikohoa upande wa pili wa ua. Alikuwa Wilondja, jirani yao Mkongo, amevaa tai, na mkewe Chibalonza nyuma yake na Biblia mkononi. Kwao Kivu pia rimu ndiyo kengele.

"Voisin, jirani yangu, kanisa ilifunguliwa? Tulisikia kengele, njo tumekuya."

Mugambi akaichukua simu kwa Rispah, akaielekeza kwao.

"Ni akina nani hao?" Padre akauliza.

"Majirani zangu, Padre. Wameitwa na kengele."

Padre akajiweka sawa kwenye benchi, akafunga kifungo cha shingoni.

"Waambie wakae," akasema. "Nitarefusha mahubiri."