Titi Lililokaa Juu

Sista alipomaliza kufungua bendeji, Feza hakujitazama kwanza. Alitazama dirisha la wodi, akatazama beseni lenye pamba chafu, akatazama hata viatu vya sista, vyeupe, vimepigwa chaki pembeni. Halafu akashusha macho kifuani pake.

Titi la kulia lilikuwa palepale alipoliacha, limetulia kama paka aliyeshiba. La kushoto, lile jipya, lilikuwa limepanda. Lilikaa karibu kabisa na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, limejaa upande wa juu, bapa upande wa chini, ngozi inang'aa, gumu kama papai bichi. Ungedhani linataka kumnong'oneza jambo sikioni.

"Sista," alisema kwa Chichewa chake cha sokoni, "dokta amekosea mahali."

Sista, mama mnene wa Lilongwe mwenye sauti ya taratibu, alicheka mpaka beseni likatikisika mkononi. Akamweleza kwamba dokta hakukosea. Mwili umevimba, na nyama ya kifua imekishika kile kifuko alichotiwa ndani kwa nguvu kwa sababu haijakizoea. Kidogo kidogo uvimbe utapungua, nyama italegea, titi litashuka na kujaa upande wa chini. Yeye asilifunge, asilikande, asilimwagie maji ya moto, asilale kifudifudi. Ila likiwa jekundu, likimwunguza kwa homa au kuvimba ghafla, aje mbio.

"Litashuka lini?"

"Likitaka."

Jibu hilo halikumpendeza hata kidogo.

Feza aliungua akiwa mtoto mdogo kule Kindu, Zaire, siku sufuria ya mawese ilipopinduka jikoni. Kifua kilipona, lakini wasichana wa rika lake walipoota matiti, yeye aliota moja. Walipokuwa wakioga mto Lualaba, rafiki yake Mwamini, mwenye ulimi usiolala, alimbandika jina: Nusu Mzigo. Kuanzia hapo Feza akajua kukunja kitambaa na kukitia ndani ya blauzi, akajua na kuoga peke yake. Alikimbia Zaire na kitambaa chake ndani ya blauzi, akaingia nacho Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi. Ni hapo Dzaleka alipopata habari za madaktari wageni waliokuwa wakija Lilongwe kutengeneza watu walioungua. Safari yao ya kwanza walimlegeza kovu. Safari ya pili ndiyo hii, wakamtilia kifuko cha maji ya chumvi chini ya nyama ya kifua.

Wala hakufanya haya kwa ajili ya mchumba. Djafari, aliyekuwa akiuza chumvi na sabuni pale kambini, alikwishaambiwa yote kabla ya kupeleka posa, akajibu, "Mi naoa Feza, sioi mizani." Kilichomtisha Feza kilikuwa siku ya kusingwa. Kwao, Waislamu wa Maniema, bibi harusi huketishwa mkekani mbele ya wanawake, kifua wazi, akasuguliwa unga wa mchele na liwa na mafuta mpaka ngozi iteleze. Na kila mama aliyefika lazima mkono wake umguse, kwa maana baraka haipiti ukutani. Mwamini naye alikuwa Dzaleka, anakaanga maandazi karibu na kisima. Harusi ilipangwa baada ya Idi, na Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Feza akakaa kwa binamu yake, mtaa wa Area 23 mjini Lilongwe, mpaka nyuzi zikatolewa, kisha akapanda matola kurudi kambini. Pikapu ilirukaruka kwenye mashimo, naye amejikumbatia kifua kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Mzee mmoja akamwuliza kama ni mtoto amelala humo ndani. "Ndiyo, baba," akasema, "na ni mkaidi."

Shangazi Furaha, aliyemlea, alimpokea kwa machozi na nsima ya moto. Walipomaliza kula akafunga mlango, akasema, "Haya, nione."

Feza akafungua vifungo. Shangazi akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Eh! Iyi kitu iko juu hivi, njo kazi ya dokta?"

"Itashuka, Shangazi. Bamesema nyama ingali imeikamata."

"Itashuka na nani? Kitu hakishukaka pekee yake. Ngoja niteke maji ya moto, tukukande kama mama mzazi. Mi nimekanda bamama wangapi!"

Feza akarudi nyuma mpaka akagonga mtungi. Ngozi ile ilikuwa bado imekufa ganzi, na dokta alisema ikiunguzwa hatajua.

"Moto ulishakula hapa mara moja, Shangazi. Tusiupe kitoweo tena."

"Basi tufunge kitenge kwa juu, tukaze, lisukumwe."

"Wamekataza hata kamba."

Shangazi akasonya. "Hao madokta kazi yao ni kukata na kusema ngoja! Kukata nami naweza." Lakini kitenge akakikunja, akakirudisha kwenye sanduku, maana kumtii mtu aliyempasua mtoto wako na mtoto akaamka ni jambo la busara.

Kesho yake akaja Ketsia, jirani yao kutoka Uvira, fundi wa cherehani na mwimbaji wa kwaya. Alivaa tepu ya kupimia shingoni hata akienda chooni. Yeye ndiye angeshona gauni la harusi, la hariri ya rangi ya maziwa, nalo alitaka kulikata siku ileile.

"Kata baadaye kidogo," Feza alimwomba. "Titi litashuka."

"Baadaye lini, dada? Ramadhani ikianza, bamama bote ba Kiislamu batanirundikia nguo za Idi. Mi sina mikono kumi. Nikishona leo, utavaa. Nikingoja, utaolewa umevaa kitenge." Akapima, akaandika kwa chaki kwenye kitambaa, akapima tena, akakunja uso. Kisha uso ukamkunjuka. "Najua! Kama hili halitaki kushuka, tumpandishe mwenzake! Naweka pamba upande wa kulia, nainua kifua cha gauni, yote mawili yanakuwa ghorofani."

Shangazi akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Feza naye akacheka, huku akishikilia kifua kisimuume. Gauni likakatwa hivyo, likashonwa hivyo, likafungwa ndani ya gazeti, Ketsia akalitia chini ya kitanda chake na kurukia nguo za Idi.

Lakini kusingwa hakuvaliwi gauni. Jioni Feza akamwambia shangazi yake, "Tusifanye kusingwa. Tuseme kidonda hakijafunga."

"Tudanganye mwezi mtukufu?"

"Tudanganye ukiisha."

"Feza, harusi bila kusingwa ni chai bila sukari. Bamama batasema tunaficha kitu."

"Si kweli tunaficha?"

 Shangazi alichukua kikapu cha mchele akaanza kuchagua mawe. Baadaye, bila kuinua macho, akasema, "Siku yenyewe ikifika, ukisema hapana, nitasimama mlangoni na kuwafukuza wote. Hata Mwamini na maandazi yake. Lakini useme siku hiyo, usiseme leo."

Feza alikuwa na kioo kidogo chenye fremu ya bati. Kila asubuhi alisimama nacho pembeni mwa dirisha, akaweka vidole kati ya mtulinga na titi, akahesabu. Vidole viwili. Kesho yake, vidole viwili. Siku moja akaona vitatu, akapiga kigelegele, kumbe vidole vyenyewe alikuwa amevibana. Shangazi akiulizwa husema limeshuka. Ketsia akiulizwa husema liko palepale, kwa sababu gauni lake lilikuwa limekwisha.

Aliporudi Lilongwe kuangaliwa, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni pande zote mbili za barabara. Dokta akabonyeza huku na huku, akafurahi, akaenda zake. Feza akambana sista.

"Mbona halisogei?"

"Wewe, mahindi yako huwa unayavuta majani yapate kukua?"

"Hapana."

"Na huyu unamvuta kwa macho. Mwache! Nenda kafunge saumu, kapike, katazame mvua. Kovu lako ni la zamani, kwa hiyo nyama yake inachelewa kulegea. Inachelewa tu, haijagoma."

Basi Ramadhani ikamchukua. Kulikuwa na kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu, kuloweka maharage, kukoroga uji wa futari, kupeleka sahani kwa jirani na kupokea sahani. Kisha Ketsia akaja kuazima kile kioo, wateja wa nguo za Idi wapate kujitazama, na kioo kikahamia barazani kwake. Feza akiwa anaoga, mkono ulimwambia kwamba kitu kimekuwa laini, kimekaa mahali pengine. Hakuuamini. Mkono ulishamdanganya mara ya vidole vitatu.

Idi ikaliwa. Siku ya kusingwa ikafika na jua safi baada ya mvua. Shangazi alikuwa amesaga mchele mwenyewe, ameutandika mkeka, amesimama mlangoni kama alivyoahidi.

"Haya, Feza. Sema."

Feza alifungua kinywa, lakini Ketsia akapita katikati yao na gauni mkononi na kioo kwapani. "Kwanza ajaribu! Nisije nikashona tena vifungo kesho huku sheikh anangoja."

Wakamvalisha. Ketsia akafunga vifungo vya mgongoni, akazunguka mbele, na pini alizokuwa amezibana kwa midomo zikamwanguka zote.

Ndipo wanawake wakaingia kwa pamoja na vigelegele, Mwamini mbele na beseni la maandazi kichwani. Vigelegele vikakatika. Upande wa kulia wa gauni, wenye pamba, ulikuwa umesimama karibu na shingo. Upande wa kushoto ulikuwa chini, umejaa vizuri, umetulia mahali pa titi la mtu, na juu yake hariri inaning'inia tupu kama mfuko uliomwagwa.

Mwamini akatua beseni. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Feza, mi nilijua uliungua kushoto. Sasa mbona la kulia njo liko na shida?"

"Uwi!" Ketsia akajishika kichwa. "Nimeshonea mlima, na mlima umehama!"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Kuna mama aliyeketi chini bila kutafuta mkeka. Feza akampokonya Ketsia kioo, akakinyoosha mbele yake mbali kadiri mkono ulivyofika. Aliona. Akabonyeza la kushoto kwa kidole, akaliona likibonyea na kurudi. Kicheko kikamtoka, kikaja na machozi, akaingiza mkono kwenye shingo ya gauni, akavuta pamba ya Ketsia tonge kwa tonge na kuwatupia.

"Pamba yangu!" Ketsia alilia, huku akiiokota.

"Shangazi," Feza akasema, "funga mlango."

"Nibafukuze?"

"Usifukuze mtu. Funga, upepo utapeperusha unga." Akavua gauni, akaketi mkekani kifua wazi kabla hajaambiwa na yeyote.

Hayakufanana kabisa, hilo ni kweli. Kovu lilikuwa bado limezunguka upande wa kushoto, la rangi nyepesi, limekunjamana kama ukingo wa chapati. Titi lenyewe lilikuwa gumu kidogo kuliko mwenzake. Yalikuwa kama sahani mbili za seti moja, moja imetumika kila siku, nyingine ndiyo kwanza imetolewa kabatini. Wanawake wakachovya mikono kwenye unga na mafuta, wakaanza, na kila mmoja akamgusa. Mkono wa Mwamini ulipofika kwenye kovu, ukasita.

"Inauma?"

"Haiumi. Haisikii vizuri bado. We paka tu, pole pole."

Mwamini akapaka pole pole kweli. Alipoinuka alijitazama ndani ya blauzi yake mwenyewe, akatikisa kichwa. "Yangu batoto bane bameyavuta mpaka yamefika safarini. Feza, niulizie dokta wako kama kuna kifuko kimoja kilibaki."

"Kimoja?" Shangazi akadakia. "Weye cha kukutosha ni gunia!"

Ketsia alishona upya kifua cha gauni usiku kucha, akalalamika usiku kucha, na asubuhi lilimkaa Feza kama lililomwagwa mwilini.

Bibi harusi wa kwao huketi kimya, macho chini, mpaka mwisho. Feza alifanya hivyo vizuri sana kwa muda. Halafu kina mama wakageuza masufuria, wakaanza kupiga, na mabega yake yakaanza kuitikia yenyewe. Shangazi akamvuta pindo la gauni: "Kaa! Weye ni bibi harusi!" Feza akamshika mkono aliomvutia, akamwinua naye, na wakawa wawili katikati ya duara, Feza akitikisa mabega bila kukumbatia kifua, bila kuchungulia kama kuna kitambaa kimehama.

Upande wa wanaume Djafari alisikia vigelegele vimezidi desturi. Akamwita Ketsia aliyekuwa akipita na birika.

"Kuna nini kule?"

"Bibi yako anacheza."

"Feza? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, na vyote alivyo navyo."

Djafari akatazama chini kwa adabu, kwa kuwa sheikh alikuwa pembeni yake, lakini meno yote yalikuwa nje.

"Basi musimukatize," akasema. "Mi niko, nangoja."