Kifuniko Kisichofunguka

Ijumaa kabla ya msimu wa kuwinda, Ingegerd alikuwa amefikia kifuniko cha sita kati ya saba. Kila mwaka mambo yalikuwa hayo hayo. Wawindaji wa Hundsele, kijiji cha msituni, walikuwa na miezi kumi na moja ya kugundua kwamba kifuniko cha darubini ya bunduki kimechanika, na wote waligundua wiki ya mwisho ya Agosti. Alikata mpira laini kama ule wa nguo za wapiga mbizi, akaupima kwa urefu wa darubini, kisha akashona kofia mbili za kukaa juu ya vioo, moja mbele, moja nyuma. Kila kofia aliipa ulimi mdogo wa ngozi. Mtu mwenye vidole vilivyoganda kwa baridi anahitaji kitu cha kushika, alikuwa akisema, na alisema hivyo hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Kaka yake Evert aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa na darubini peke yake, ameifungua kutoka kwenye bunduki na kuizungushia taulo la jikoni. Aliiweka mezani katikati ya vipande vya mpira.

"Amefika wapi?" Ingegerd aliuliza.

"Angalia mwenyewe."

Ingegerd aliielekeza darubini ukutani, kwenye kalenda. Ndani yake hapakuwa na kalenda. Palikuwa na msitu wa misonobari, mvua nyembamba, na Khamphan akichuma beri nyekundu. Mwezi wa kumi mwaka jana alikuwa nukta tu. Krismasi ungeweza kuona koti lake la kahawia. Sasa Ingegerd aliweza kuhesabu meno ya kichanio chake cha kuchumia.

"Ndoo ya tatu hiyo," alisema Evert. "Jana alikuwa na mbili."

"Anachuma vizuri."

"Nani kasema hachumi vizuri? Nasema anakaribia."

Khamphan alitoka Thailand, na kwa misimu minane alikuja kila mwaka kuchuma beri katika misitu ya Hundsele. Mwaka uliopita, siku ya pili ya kuwinda, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wakati ule darubini ya Evert ilikuwa na vifuniko vya dukani, vya plastiki ya njano inayopitisha mwanga. Pale Hundsele hata mtoto wa miaka kumi anajua utaratibu: unafungua kifuniko, unaangalia, unafikiri, ndipo unapiga. Plastiki ile ni ya kuzuia maji, si ya kuangalizia. Lakini Evert hakutaka matone yaingie kwenye kioo. Aliangalia kupitia plastiki iliyolowa, akaona kitu cha kahawia kikitembea, akapiga.

Kikosi kizima kilikusanyika pale, watu wanane, Ingegerd akiwa mmoja wao. Waliwasha moto, wakaangaliana, kisha wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, kwamba Khamphan azikwe huko huko na neno lisitoke. Ingegerd alikuwa wa tano. Wachuma beri walipotoa taarifa kwamba mwenzao hajarudi, kikosi hicho hicho ndicho kilichoongoza msako, maana nani mwingine anaujua msitu ule? Walimtafuta siku tatu kila mahali isipokuwa pale alipokuwa. Ingegerd aliwapikia kahawa. Iliandikwa kwamba alizama kwenye kinamasi, na karatasi haina aibu.

"Nishonee kifuniko kisichofunguka," alisema Evert.

"Hicho si kifuniko, kaka. Hicho ni mfuko."

"Basi shona mfuko. Akija hatua mbili tatu zaidi, atatoka."

"Akitoka atafanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka mfuko." Alibana tumbaku chini ya mdomo wa juu, mdomo ukavimba upande mmoja. "Dada yake amekuja. Yuko kambini kwa wachuma beri tangu Jumatano, anauliza uliza watu. Funika kombe, Ingegerd, mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu ni nani hapo?"

Evert alichukua taulo lake, akaiacha darubini mezani, akaenda zake. Kabla hajafika mlangoni Ingegerd alimwambia atashona, na neno likishatoka mbele ya kaka mkubwa halirudi.

Dada yake Khamphan alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Jina lake Duangchai, naye alijua lugha ya pale kwa sababu alikuwa amechuma beri misimu mingi kabla ya magoti yake kukataa. Muuza duka ndiye aliyemwelekeza, huku akimfungia mkate, kama mtu anavyoelekezwa posta.

"Nimeambiwa kaka yangu yumo humu kwako," alisema.

Ingegerd alimmiminia kahawa kwanza. Hundsele hata mtu aliyekuja kukulaani humiminiwa kahawa kwanza. Kisha akampa darubini.

Duangchai aliangalia muda mrefu. Kahawa ilipoa.

"Amekonda," alisema. "Na hajabadilisha nguo." Baadaye Khamphan aligeuka kufuata kichaka kingine, na dada yake akauona mgongo wake, na tundu lililokuwa kwenye koti katikati ya mabega. Aliiweka darubini mezani taratibu sana.

"Hakuzama."

"Hapana," alisema Ingegerd. Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Mimi sitaki kesi, dada. Kesi nimeshajaribu. Nilipiga simu polisi asubuhi, wakaniambia jambo likiwa ndani ya kioo niende kwa aliyeuza kioo." Alifuta kidole chake kwenye sketi. "Nataka mifupa. Mama ni mzee. Mtu wetu akifa tunamchoma, tunamwombea, anakwenda. Huyu hajaombewa. Ndiyo maana anachuma tu, hapumziki. Niambie mlipomweka, nichukue mifupa, niondoke."

Ilikuwa sentensi ya maneno manne. Chini ya mwamba uliopasuka. Ingegerd aliyahisi yamekaa mdomoni, na nyuma ya maneno hayo alimwona kaka yake akitiwa pingu. Walizaliwa chumba kimoja, walilala kitanda kimoja mpaka Ingegerd alipofika miaka sita. Alimpenda na alimchukia, na hakujua kipi kilianza.

"Jumamosi ijayo tunagawana nyama," alisema. "Wote watakuwepo. Njoo. Nitasema mbele yao."

Alikuwa anamaanisha. Mgeni alipoondoka, alichukua uzi wa nta, akaukunja mara mbili, akamshonea Evert kifuniko chake. Hakuacha tundu hata la sindano.

Jumatatu, saa moja asubuhi, kila mwindaji alikuwa amekaa kituo chake, na Evert, kwa kuwa ndiye kiongozi, alikuwa anazunguka na mbwa. Wanyama wa kule ni kulungu wakubwa wanaomzidi farasi kimo, na mbwa alipata harufu mapema. Redio ikakohoa. Alikuwa Sixten, mwindaji mzee kuliko wote.

"Huyu jamaa yuko kwangu," alisema. "Nimefungua kifuniko, nimemkuta."

"Kwangu pia," ikasema sauti nyingine.

"Na mimi. Mgongo umejaa kioo kizima."

Wakajitaja wote saba. Ingegerd alijitaja wa tano. Alikuwa amemfungia Khamphan nyumba moja, naye alihamia saba. Kulungu alitoka mbele yake, akatembea taratibu mpaka ng'ambo ya kijito, lakini katikati ya msalaba wa darubini palikuwa na koti la kahawia lenye tundu.

Mbwa alibweka mbali. Kisha ikaja sauti ya Evert, tulivu, ya mtu anayepanga magari.

"Yeye anachuma, sivyo? Basi lazima ainame. Subirini ainame, mpige juu yake."

Wakafanya hivyo. Ilihitaji subira, kwa sababu Khamphan hakuwa na haraka, na vidole vilikaa kwenye vifyatulio mpaka vikafa ganzi. Lakini wiki ile kikosi kilipata kulungu wanne. Alhamisi, Ingegerd naye alipiga mmoja, juu tu ya shingo ya Khamphan iliyoinama. Risasi ilikwenda safi. Wenzake walimpongeza redioni, naye akajiona mchafu kama ndoo ya matumbo.

Jumamosi nyama ilikatwakatwa kwenye banda la kuchinjia na kupangwa mezani kwa mafungu manane. Hundsele hakuna anayejichagulia fungu. Mtu mmoja hugeukia ukuta, asione kitu. Mwingine hugusa fungu kwa kisu na kuuliza, hili la nani? Aliyegeuka hutaja jina, na jina lililotajwa kwa mtu aliyegeukia ukuta halipingwi, hata kama fungu zima ni mifupa. Kwa miaka kumi na miwili aliyegeuka alikuwa Ingegerd. Walisema hana upendeleo.

Duangchai alikuwa amesimama mlangoni na koti lake lililofungwa mpaka kidevuni. Hakuna aliyemfukuza. Sixten alimsogezea kiti.

Ingegerd alisimama mbele ya ukuta. Bunduki zilitundikwa hapo, tupu, na vifuniko vya darubini zake, isipokuwa mfuko wa Evert, vilikuwa vimejifungua vyenyewe, kama vilivyokuwa vikifanya wiki nzima. Khamphan alikuwa amemaliza kuchuma. Katika kila kioo palikuwa na jicho moja tu, limesogea mpaka mwisho, likimwangalia. Halikuwa na hasira. Lilisubiri, na hilo ndilo lililomshinda.

Nyuma yake kisu kiligusa nyama.

"Hili la nani?" aliuliza Evert.

"Khamphan," alisema Ingegerd.

Bomba lilikuwa likidondosha maji sakafuni. Aliyasikia matone sita.

"Ah, wewe," alisema Sixten mwishowe, bila ubaya. "Asiyekuwepo na lake halipo."

"Yupo," alisema Evert. "Si tumekuwa naye wiki nzima? Na jina limetajwa." Alikuwa ameshaanza kukata. Alichukua kipande kutoka kila fungu, akapunguza huku, akaongeza kule, akapima kwa mkono, mpaka mafungu manane yakawa tisa yaliyolingana. Kikosi cha Hundsele hakimdhulumu mtu nyama. Wenzake wakasaidia kupanga. Mmoja akatafuta mfuko safi.

Hapo ndipo Ingegerd alipaswa kuendelea. Kinywa kilikuwa wazi. Maneno manne yalikuwa pale pale, la kwanza limeshagusa meno. Akavuta pumzi.

"Na hili?" aliuliza kaka yake. Kisu kiligusa fungu lililofuata.

"Evert," alisema Ingegerd.

"Na hili?"

"Sixten."

Akaendelea hivyo mpaka tisa. Alipogeuka, macho ukutani yalikuwa yamefumba.

Alimpelekea Duangchai mfuko mwenyewe, nje, kwenye changarawe. Ulikuwa mzito, na Duangchai aliupokea kwa mikono miwili, kama watu wa kwao wanavyopokea kitu.

"Alipo," alisema. "Ulisema utasema."

"Hii ni nyama ya bega," alisema Ingegerd. "Ni ngumu. Uichemshe kwa moto mdogo, masaa matatu, chumvi utie mwisho."

Duangchai hakuondoka. Alisimama akimwangalia usoni, wala hakupepesa, mpaka mfuko ukaanza kuvuja na damu ikamdondokea kiatuni.

"Masaa matatu," Ingegerd alisema tena. "Au manne."